Kabla ya Sauti, Soma Adapta

Amplifaya ya hedifoni haiongezi utamu wa wimbo. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaofika kibandani kwangu hapa Makongeni, Thika, kuulizia kifaa hiki huwa wameshaahidiwa utamu na mtu: besi ya kutikisa kifua, gitaa la dhahabu, mwimbaji kana kwamba ameketi ukingoni mwa kitanda chako. Kazi ya amplifaya ni ya kawaida kuliko hayo, ingawa kuifanya vizuri si rahisi. Inapokea umeme dhaifu wenye umbo la sauti kutoka kwa simu au kompyuta, inaukuza bila kuliharibu umbo lile, kisha inaupa nguvu za kusukuma vispika viwili vidogo vilivyo masikioni mwako. Ikimaliza kazi hiyo bila kuongeza mvumo wala mkwaruzo wake yenyewe, imestahili bei yake. Yanayozidi hapo ni maneno ya soko.

Mimi ni fundi wa redio. Watu wa rika langu huniita Mama Wanja, vijana huniita mathe, na anayetaka kupunguziwa bei huniita shosho hata kama umri huo sijaufikia. Redio za kutengeneza zimepungua. Mezani pangu siku hizi utakuta mikisa za makanisa, spika za bluetooth zilizonyeshewa, amplifaya za matatu, na kwa miaka ya karibuni, hedifoni za vijana wa Ruiru.

Ruiru ina sababu zake. Kuanzia Kihunguro hadi Kimbo ni magorofa ya kupangisha yaliyosongamana, ukuta wa bedsita ni mwembamba, jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kwako. Ndani ya vyumba hivyo kuna vijana wanaokesha na kompyuta wakiandika neno kwa neno mikutano na mahojiano ya watu wa ng'ambo, kazi wanayolipwa kwa dakika za sauti. Kuna wanaorekodi nyimbo za injili nyuma ya godoro lililosimamishwa ukutani. Na kuna wanaotaka tu kusikiliza benga saa tano za usiku bila keateka kugonga mlango. Wote hao wanaishia kwenye hedifoni, na baada ya muda mtu huwaambia kwamba hedifoni bila amplifaya ni kazi bure.

Si kweli, angalau si kwa kila hedifoni. Kijana mmoja wa kazi hiyo ya kuandika alinijia akiwa ameshajikusanyia pesa.

"Mathe, nataka ampu ya kunifungulia sauti. Siwasikii hawa watu vizuri."

"Hebu nione hedifoni yako kwanza."

Ilikuwa ya ohm 32, nzuri tu, na kompyuta yake iliisukuma bila shida. Nilipoisikiliza ile kazi aliyotumiwa, nikakuta mahojiano yaliyorekodiwa kwa simu iliyowekwa mezani ndani ya mkahawa. Sauti za watu zilikuwa mbali, vijiko vilikuwa karibu. Amplifaya ingevikuza vijiko pamoja na watu. Nilimwambia arudi na pesa zake nyumbani, anunue foronya mpya za hedifoni, zile za kuziba sikio vizuri, maana zake zilikuwa zimepasuka na kelele za barabarani zilikuwa zikipenya.

Ukitaka kujua kama unahitaji amplifaya, tafuta namba mbili kwenye boksi la hedifoni. Ya kwanza ni ohm, yaani jinsi inavyoukinza umeme. Ya pili ni unyeti: inatoa desibeli ngapi ukiipa miliwati 1. Chukua Audio-Technica ATH-M50x, ambayo utaikuta kwenye studio nyingi: ohm 38, desibeli 99. Kidude kizuri cha kuchomeka kwenye tundu la USB-C la simu hutoa takriban volti 1. Zidisha volti kwa volti, gawanya kwa ohm, unapata miliwati 26 hivi, na kilele cha sauti kinafika desibeli 113. Hiyo ni kelele ya kuumiza masikio, na hujanunua amplifaya yoyote.

Sasa chukua Beyerdynamic DT 990 Pro ya ohm 250, desibeli 96. Volti 1 ileile inaipa miliwati 4 tu, na kilele kinakomea desibeli 102. Kwa wimbo wa kisasa, ambao umebanwa na kupandishwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo inatosha. Lakini kwaya iliyorekodiwa vizuri huwa na sehemu tulivu zilizo desibeli 20 na zaidi chini ya kilele chake, na hapo utazungusha kitufe mpaka mwisho na bado utatamani kingezunguka zaidi. Kuifikisha hedifoni hii desibeli 110 kunahitaji volti 2.5. Hapo ndipo amplifaya inapopata kazi. Sennheiser HD 600 na HD 650, za ohm 300, zimo katika kundi hilohilo. Zipo pia zile zinazoitwa planar, zenye utando mpana badala ya koni: ohm zake ni chache lakini unyeti wake ni mdogo, kwa hiyo hazidai volti nyingi, zinadai ampea. Simu huishiwa pumzi mapema kwenye hizo.

Watu huniuliza pia kuhusu valvu, zilizokuwa zikikuza sauti redioni kabla ya transista. Transista ilivumbuliwa katika maabara ya Bell kule New Jersey, Marekani, Desemba 1947, na tangu ilipozoeleka, redio za kusubiri zipate joto ndipo zizungumze zikaanza kutoweka sebuleni. Amplifaya za valvu bado zinatengenezwa kwa wanaopenda mwanga na ladha yake. Kwa mtu wa mfuko wa wastani sioni sababu. Pesa zilezile kwenye transista zinakupa kelele kidogo, nguvu nyingi, na kifaa ambacho fundi yeyote wa hapa Thika anaweza kukifungua bila kuogopa mamia ya volti yaliyolala ndani ya kepasita.

Ukipita maduka ya ex-UK, yale ya vyombo vilivyotumika vinavyoshushwa kutoka Uingereza kwa kontena, utaona amplifaya za Technics, Pioneer, Kenwood na Sony za miaka ya 80 na 90. Zimekaa tu, nzito kama jiwe la kusagia, na nyingi zina tundu la hedifoni kwa mbele. Hii ndiyo amplifaya ya transista ya bei nafuu kuliko zote mtaani, na ina faida moja ambayo kifaa kipya kutoka Marekani hakina: imezaliwa kwa umeme wa Uingereza, unaolingana na wetu, na mara nyingi hata plagi yake ya miguu mitatu inaingia ukutani bila kubadilishwa.

Ila kuna jambo ndani. Watengenezaji wengi wa enzi hizo hawakuiwekea hedifoni saketi yake. Walichukua umeme uleule wa spika kubwa, wakaupitisha kwenye rezista ya mamia ya ohm, basi. Kwa hedifoni ya ohm 250 au 300 matokeo huwa mazuri, besi ikiongezeka kidogo tu, na wapo wanaoipenda hivyo. Kwa hedifoni nyingi za ohm 32 hali ni nyingine. Ukinzani wa hedifoni hausimami pahali pamoja. Hupanda kwenye besi na kushuka kwingine, na kukiwa na rezista kubwa mbele yake, sauti huufuata mpando huo. Besi inavimba, gitaa la besi linakuwa tope. Mafundi wanayo kanuni: ukinzani wa tundu la amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa ohm 32, hiyo ni ohm 4. Amplifaya mpya za transista za bei ya kati huwa chini ya ohm 1, kwa hiyo hesabu hiyo unaisahau kabisa.

Kwa hiyo, mwenye HD 600 ya mtumba na mfuko mwembamba, ushauri wangu ni aende ex-UK, achague amplifaya isiyokwaruza ukizungusha sauti, aniletee nibadilishe kepasita zilizokauka, na asikilize kwa amani. Mwenye hedifoni ya ohm chache inayohitaji nguvu ndiye wa kutafuta kifaa kipya.

Na kifaa kipya kina mambo yake. Amplifaya zinazosifiwa duniani katika bei ya kati, kama Magni ya Schiit na Atom ya JDS Labs, zote za Marekani, zilianza zikiuzwa dola 99: Magni mwishoni mwa 2012, Atom mwaka 2018. Dola 99 kwa bei ya sasa ni kama shilingi 13,000. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na usishangae ikipita elfu ishirini kabla hujaigusa. Wengi hukwepa mzigo huo kwa kumtuma mjomba au dada aliye Dallas au Atlanta, anunue na kuja nayo Desemba.

Hapo ndipo moshi unapotokea. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wetu ni volti 240. Chaja za simu na za kompyuta zimetuzoesha vibaya, maana zimeandikwa 100–240V na zinakula umeme wowote. Lakini Magni na Atom hazitumii adapta ya namna hiyo. Adapta zake ni transfoma ya kweli ndani ya plastiki, shaba iliyozungushwa kwenye chuma, inayoshusha umeme wa ukutani hadi takriban volti 15 za AC. Transfoma ya volti 120 ukiichomeka kwenye 240 haikusamehe. Chuma kinashiba sumaku, mkondo unapanda, shaba inachemka, na ukichelewa kuchomoa unanusa plastiki. Mteja wangu wa Section 9 aliletewa amplifaya nzuri na shemeji yake, akaweka kipachiko cha plagi, akawasha. Kipachiko hubadilisha miguu ya plagi tu, volti hakizigusi. Adapta iliungua kabla wimbo wa kwanza haujafika kwenye kiitikio. Bahati yake amplifaya yenyewe ilipona.

Watengenezaji hao huuza vifaa vilevile vikiwa na adapta ya 230V kwa anayeomba. Ni suala la kuchagua wakati wa kulipa. Kosa la pili hutokea baada ya adapta kuungua: mtu anachukua adapta ya ruta ya WiFi kwa sababu ncha yake inaingia. Ncha kuingia si ruhusa. Ruta inataka DC, na amplifaya hizi zinataka AC ili ndani zijitengenezee umeme wa chanya na hasi. Tazama alama kwenye kibandiko: kimstari cha wimbi ni AC, mstari ulionyooka wenye nukta chini yake ni DC. Kama hutaki mashaka hayo, zipo za DC. Zen CAN ya iFi hula volti 5 za DC, K7 ya FiiO hula 12, na K7 ina pia kigeuzi cha dijitali ndani, kwa hiyo unaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta.

Stima yetu nayo ina tabia zake. Inapotea, inarudi kwa kishindo, na jioni watu wote wakiwasha majiko hushuka. Ile gadi unayowekea friji au TV, ichomekee na amplifaya pia. Si anasa.

Kuna kisa kimoja ambacho huwasimulia vijana wanaojifunza kazi kwangu. Mwaka 2011 mtu mmoja aliyejiita NwAvGuy, asiyetaja jina lake halisi, alichora amplifaya ya hedifoni akaiita Objective2, au O2, na kuitoa michoro yake bure kwa yeyote atakayetaka kuijenga. Alitaka kuonyesha kwamba kipimo kizuri hakihitaji bei kubwa. Katikati ya 2012 alinyamaza, na hajasikika tena. Kampuni ndogo, JDS Labs ikiwemo, ziliijenga na kuiuza. Ukiifungua utakuta chipu ya miguu minane, 4556. Fundi yeyote wa Kenya anaijua ndugu yake 4558, iliyomo kwenye mikisa na amplifaya chungu nzima tunazotengeneza. Tofauti ni kwamba 4556 inaweza kutoa takriban miliampea 70, na zikifungwa mbili sambamba zinaisukuma karibu hedifoni yoyote. Tena O2 hubeba betri mbili za volti 9 ndani, kwa hiyo stima ikipotea muziki hauzimi. Ukimpata kijana anayejua kulehemu vizuri, mpe kazi hiyo. Ni njia halali kabisa ya kupata amplifaya ya bei ya kati.

Ukiwa dukani, au mbele ya mtu anayekuuzia iliyotumika, beba mita. Punguza sauti hadi sifuri, washa, pima volti za DC kwenye tundu la hedifoni, kushoto na kulia. Chini ya milivolti 20, endelea. Ikizidi 50, shukuru, ondoka. DC hiyo itakuwa ikiusukuma utando wa hedifoni upande mmoja muda wote. Kisha sikiliza inapowashwa na kuzimwa. Nzuri nyingi zina rilei inayochelewa sekunde chache kabla ya kuunganisha, utasikia "tik" ndogo. Isiyo na kinga hupiga "dumu!" masikioni. Zungusha sauti polepole kutoka chini: kwenye nyingi za bei hii upande mmoja huanza kabla ya mwingine, na hilo si kasoro kubwa kama kuna swichi ya kuchagua ukuzaji mdogo, maana utakuwa ukitumia kitufe kuanzia katikati. Mkwaruzo nao, kwa sisi tunaoishi na vumbi jekundu, mara nyingi ni uchafu tu na huondoka kwa dawa ya kusafishia.

Nyimbo za kupimia nazo si lazima ziwe za ng'ambo. Mimi hutumia benga ya John De'Mathew, yule mwana wa Gatanga tuliyempoteza Agosti 2019 katika ajali hapa karibu na Blue Post. Gitaa la besi kwenye benga haliburuzi nyayo; linatembea, kila noti na mwisho wake. Kama kwenye amplifaya fulani noti zinashikana, kuna tatizo la ukinzani au nguvu hazitoshi. Halafu naweka KMRU. Huyu ni Joseph Kamaru, mjukuu wa mwanamuziki Joseph Kamaru, yule wa Kangema aliyezaliwa 1939 na kufariki 2018. Amerithi jina la babu yake, anaishi Berlin, na muziki wake ni wa aina nyingine kabisa, sauti ndefu zinazochipuka polepole. Albamu yake Peel ya 2020 ina sehemu tulivu zinazoumbua kila mvumo wa amplifaya. Nikishamaliza na mjukuu, narudi kwa babu, kwa rekodi za santuri. Hapo utasikia mchakacho wa sindano ulio mkubwa mara nyingi kuliko kelele ya amplifaya yoyote ya dola 100. Ndiyo maana sishawishiki na mtu anayelipa elfu sitini kwa ajili ya ukimya zaidi. CD yenyewe ina nafasi ya desibeli 96 tu kati ya kelele yake na kilele, na amplifaya nzuri za bei ya kati zimeshavuka hapo.

Lakini usije kupima ukiwa umeshuka sasa hivi kwenye matatu ya Thika Road iliyokuwa na spika chini ya kiti. Masikio yaliyopigwa namna hiyo hulegea kwa muda, na utachagua kifaa chenye kelele zaidi ukidhani ndicho kizuri. Wateja wa Ruiru nawaketisha kwanza, wanywe chai.

Na hilo la masikio si dogo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndio mpaka wa mtu mzima. Kila ukiongeza desibeli 3, saa hukatwa nusu. Kwa anayefanya kazi ya kuandika kutoka kwenye sauti, saa 40 ndiyo wiki yake ya kazi, hajasikiliza hata wimbo mmoja. Amplifaya inayotoa volti 6 ikichomekwa ile ATH-M50x inaweza kufika karibu desibeli 130. Kwa hiyo kabla ya kuvaa hedifoni, punguza kitufe hadi chini, tia swichi kwenye ukuzaji mdogo, kisha panda taratibu. Sikio halina fundi wa Makongeni.

Uamuzi wangu, basi, ni huu. Hedifoni yako ikiwa ya ohm 32 hadi 80 na yenye unyeti wa kutosha, nunua kidude cha USB-C na utunze pesa zako. Ikiwa ya ohm 250 au 300, anzia ex-UK. Ikiwa planar, au ukitaka kifaa kidogo kipya cha kukaa mezani kwa miaka, Magni, Atom au Zen CAN inatosha. Ukimtuma mtu Marekani, mwambie achague adapta ya 230V kabla hajalipa. Na ukileta amplifaya kwangu itengenezwe, tafadhali ije na adapta yake.